Hatukupimi Wewe

Mtu akipoteza mali yake kwa sababu alibonyeza mahali pasipostahili, lawama ni ya nani? Ni yake yeye aliyebonyeza, au ni ya fundi aliyekitengeneza kitufe na kukiweka pale? Swali hili laweza kuonekana dogo, tena la vijana wa kompyuta, lakini mimi limenisumbua kwa miezi mingi, na kilichonisumbua si kompyuta. Ni dada yangu.

Dada yangu amenizidi miaka minne. Kwa muda mrefu amekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuzikana cha akina mama wa mtaani kwake, kazi aliyopewa kwa sababu moja tu, kwamba hajapata kula cha mtu. Zamani fedha za kikundi zilikaa katika kopo la maziwa chini ya kitanda chake. Huduma za kutuma fedha kwa simu zilipokuja (M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na kwetu Tanzania mwaka uliofuata), vijana walimshauri aliache kopo, naye baada ya kusitasita sana akakubali. Fedha zikahamia ndani ya simu yake, kitochi kidogo cha vitufe, ambacho hukifunga kwenye pindo la kanga.

Jioni moja, mwaka juzi, alikuwa anachambua mchicha simu ikalia. Ujumbe ulisema kwamba amepokea shilingi 180,000 kutoka kwa mtu asiyemjua. Haikupita dakika tano akapiga kijana mwenye sauti ya kilio. Alimwamkia vizuri, akasema amekosea namba, kwamba fedha hizo ni za matibabu ya mkewe aliye hospitalini, na kwamba anamwomba mama amrudishie kwa jina la Mungu. Dada yangu hakuangalia salio. Alimrudishia zote, na gharama ya kutuma akailipa yeye. Kumbe hapakuwa na fedha yoyote iliyoingia. Ule ujumbe wa kwanza aliuandika kijana yule mwenyewe, akiiga ujumbe wa kampuni neno kwa neno, na shilingi 180,000 zilizotoka zilikuwa ni sanda na jeneza za akina mama wale.

Nilipopata habari nilimwendea. Nasema kwa aibu kwamba sikuanza hata kwa kumpa pole. Niliketi kitini nikaanza kumhoji kama nilivyozoea kumhoji mwalimu mgeni aliyekosa kipindi. Kwa nini hukutazama namba ya mtumaji? Kwa nini hukuangalia salio? Redioni hawakusema? Mwenye macho haambiwi tazama, nilimwambia, nikasahau kwamba jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho na la kushoto linakaribia. Yeye ni mkubwa wangu, na mtu hamkemei mkubwa wake. Siku ile nilimkemea. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilirudisha cha watu." Akainuka akaingia ndani. Aliuza mbuzi wawili akakilipa kikundi, na kopo la maziwa likarudi chini ya kitanda.

Mambo yangebaki hivyo kama si mjukuu wake. Binti huyo anasoma chuo kikuu habari za kompyuta, na ilipofika zamu ya kuchagua kazi yake ya mwisho wa masomo, alichagua kutengeneza programu ya simu itakayowasaidia wazee kutambua ujumbe wa kitapeli na kuzilinda namba zao za siri. Alipomaliza kuitengeneza kwa kiasi fulani alikuja kwangu. "Shikamoo babu." "Marahaba." Akasema anataka niijaribu programu yake, na kwamba kwao kuijaribu ni utafiti wenye kanuni zake.

Nitaeleza utafiti huo ulivyokuwa, maana mimi nimefundisha na kutahini miaka karibu arobaini na sikuwahi kuona mtihani wa namna hiyo. Aliweka simu ya kupangusa mezani. Alisoma karatasi iliyosema kwamba nina hiari ya kuacha wakati wowote, na kwamba jina langu halitaandikwa popote. Akasema kwamba fedha na ujumbe nitakaouona humo si vya kweli. Kisha akasema hivi: "Hatukupimi wewe, babu. Tunaipima programu. Ukikwama, hilo ni kosa la programu, na ndilo ninalolitafuta." Akaniomba nifanye kazi chache, na katika kuzifanya niseme kwa sauti kila ninachokifikiri. Yeye angekaa kimya na kuandika.

Nilicheka. Mtihani usiompima mtahiniwa! Nilidhani ni maneno ya adabu tu, kama daktari anavyosema sindano haiumi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuiweka programu tayari. Ilitokea picha ya kufuli, chini yake maneno yakiuliza kama naruhusu programu isome ujumbe wangu. Palikuwa na vitufe viwili, Ruhusu na Kataa. Nilibonyeza Ruhusu. Likatokea swali jingine la namna hiyo, na jingine, nikaruhusu yote. Yule binti akauliza kwa upole nimeruhusu nini. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeruhusu kama mtu anayeitikia "amina" kabla dua haijaisha. Baadaye alinionyesha kwamba siko peke yangu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichunguza jinsi watu wanavyosoma maonyo ya ruhusa katika simu za Android, wakakuta kwamba asilimia 17 tu ya washiriki ndio waliozingatia maonyo hayo wakati wa kuweka programu, na kwamba waliojibu sawasawa maswali yote matatu juu ya maana yake walikuwa asilimia 3 tu. Ningekuwa mkuu wa shule na matokeo ya namna hiyo yakaletwa ofisini kwangu, nisingeanza na wanafunzi. Au labda ningeanza nao. Nitalirudia jambo hilo.

Kazi ya pili ilikuwa kuchagua nywila. Niliandika jina la mtaa niliozaliwa. Pakatokea neno jekundu: "Dhaifu". Niliongeza mwaka nilioanza kazi. "Dhaifu". Mimi nimefundisha Kiswahili na najua kwamba neno dhaifu hapo liliihusu nywila, lakini moyo wa mtu wa miaka sabini na kitu haufanyi uchambuzi wa sarufi. Niliweka herufi kubwa, nikaweka alama ya mshangao, likatokea neno la kijani, na nilipotakiwa kuirudia nywila ile nilikuwa nimeisahau. Nikamwuliza binti kama naruhusiwa kuiandika kwenye karatasi. Hakunijibu. Alisema, "Ungekuwa peke yako ungefanyaje, babu?" Ningeiandika nyuma ya kalenda, ambako namba yangu ya siri ya fedha imeandikwa tangu nianze kuitumia. Nilisema hivyo kwa sauti kwa sababu nilikuwa nimeahidi kusema kila ninachofikiri.

Kazi ya mwisho ilikuwa rahisi. Programu ilionyesha ujumbe mbili za kupokea fedha, mmoja wa kweli na mmoja wa uongo, na mimi nikatakiwa niseme upi ni wa kweli. Nilivaa miwani. Nilisoma yote miwili mara mbili. Niliangalia nukta, mikato na herufi kubwa kama ninayesahihisha insha, maana matapeli wengi hawajui kuandika. Ujumbe mmoja ulikuwa na kosa la nafasi kati ya maneno. Nikasema huo ndio wa uongo.

Huo ndio uliokuwa wa kweli. Wa uongo ulikuwa umeandikwa vizuri zaidi. Tofauti ilikuwa juu kabisa, penye sehemu ya mtumaji, ambapo mmoja ulikuwa na jina la huduma na mwingine namba ya mtu wa kawaida. Programu ilikuwa imeweka hapo alama ndogo ya njano kunionya, nami niliiona nikadhani ni pambo.

Yule binti hakusema neno. Alichora mstari katika daftari lake, akaandika, akanishukuru. Mimi nilibaki nikitazama meza. Nilikuwa nimeketi nyumbani kwangu mchana, nina miwani, nina muda, tena nimeambiwa mapema kwamba mmoja ni wa uongo. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akinililia mkewe masikioni. Na nilikosea.

Baada ya hapo alinipa makaratasi ya kusoma, na mtu aliyestaafu hana sababu ya kutosoma. Nilitaka kujua kama maneno yale ya "hatukupimi wewe" ni adabu au ni hoja.

Nimeona kwamba ni hoja, tena ya zamani kuliko nilivyodhani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege ikiwa bado inakwenda ardhini wanakunja magurudumu, na ndege inakaa kwa tumbo. Iliitwa makosa ya rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipotazama ndani ya chumba cha rubani aliona kwamba kishikio cha magurudumu na kile cha mabawa madogo ya kutulia vilikuwa karibu karibu na vinafanana. Akashauri kishikio kimoja kiwekewe umbo la gurudumu na kingine umbo la bawa, ili mkono utambue hata gizani. Marubani walikuwa wale wale. Hawakuongezewa akili wala hawakutishwa.

Mwingine ni Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mjini Paris, ambaye mwaka 1883 alichapa makala juu ya maandishi ya siri ya kijeshi. Aliweka masharti sita ya mfumo mzuri wa siri. Wataalamu hulikumbuka sana lile la pili, kwamba mfumo usidhurike hata ukiangukia mikononi mwa adui. Mimi lililonigusa ni la mwisho, kwamba mfumo uwe rahisi kutumia, usimchoshe mtu akili wala kumtaka akariri kanuni nyingi. Nilifurahi kuona kwamba aliyesema hivyo ni mwalimu wa lugha. Alikuwa amekaa na wanafunzi. Lakini wenye mitambo hawakumsikiliza sana. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12 wenye elimu ya kutosha programu ya kuficha barua pepe, iliyosifiwa kuwa rahisi, na dakika 90 za kuitumia. Walio wengi walishindwa, na watatu kati yao walituma siri yenyewe ikiwa wazi kwa bahati mbaya.

Na sisi wa vyuo vya ualimu tulikuwa tunalijua jambo hili. Tulifundishwa katika somo la upimaji kwamba swali likikoswa na darasa zima, wakiwamo wanafunzi hodari, mwalimu asiwapige watoto, alichunguze swali. Pengine limeandikwa vibaya, pengine somo halikufundishwa. Tulifanya mazoezi ya kukokotoa ugumu wa kila swali kwa hesabu. Nilipata alama nzuri sana katika somo lile. Kisha nikawa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu, na kila mwisho wa muhula nilisimama mbele ya gwaride nikasoma majina ya watoto kumi wa mwisho wa kila darasa, wasogee mbele, wenzao wawaone. Sikumbuki hata muhula mmoja nilipoyachukua maswali yenyewe nikayasomesha gwarideni. Katika miaka ile ya watoto wengi na vitabu vichache, mtoto asiye na kitabu alisogea mbele pamoja na mvivu, na mimi sikuwatofautisha.

Ndiyo maana mtu aliyenigusa kuliko wote katika makaratasi yale ni Bill Burr. Huyu alikuwa mtumishi wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, na mwaka 2003 aliandika mwongozo uliofanya dunia nzima iwe na nywila zenye herufi kubwa, tarakimu na alama za ajabu, zinazobadilishwa kila baada ya muda. Lile neno jekundu lililoniita dhaifu ni mjukuu wake. Watu walifanya kama nilivyofanya mimi. Waliongeza tarakimu moja mwishoni na alama ya mshangao, wakaandika kwenye karatasi, na wezi wakajua kwamba wanafanya hivyo. Mwaka 2017 taasisi ile ile ilitoa mwongozo mpya ulioacha masharti hayo, ukisema watu wasilazimishwe kubadilisha nywila bila dalili kwamba imevuja. Mwaka huo Burr, akiwa mstaafu wa miaka 72, alisema hadharani gazetini kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Mstaafu hana anayemlazimisha kusema hivyo. Angeweza kunyamaza na kunywa kahawa yake.

Lakini hapa napenda kusimama kidogo, maana naona hatari ya kukimbilia upande wa pili. Kama kila kosa la mtumiaji ni kosa la fundi, basi mtumiaji si mtu mzima tena. Ni mtoto wa kubebwa, ambaye kila mlango unafungwa kwa ajili yake na kila kisu kinafichwa. Nami sitaki kuitwa hivyo, wala sidhani dada yangu anataka. Yapo makosa ambayo ni yetu. Mimi kwa mfano nimewahi, zaidi ya mara moja, kumtajia wakala namba yangu ya siri ili anifanyie muamala kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Nilijua haifai. Niliweza kufanya vingine. Nilichagua urahisi. Siku nikiibiwa kwa njia hiyo, sitakuwa na uso wa kumlaumu fundi, ingawa hata hapo binti yule ana neno. Anasema kwamba mtambo unaomlazimisha mzee asimame juani akipekua orodha ndefu ya hatua kwa macho mabovu umeshamsukuma nusu ya njia.

Kwa maoni yangu mstari upo kwenye uwezo. Hatumlaumu mtu kwa kutokufanya asichoweza. Hilo liko wazi tukisema juu ya miguu na mikono. Hakuna anayemlaumu kiwete kwa kutokimbia. Linafichika tukisema juu ya macho, kumbukumbu na uangalifu, kwa sababu tunadhani vitu hivyo ni vya bure na havina mwisho, kwamba mtu akitaka tu ataangalia. Uangalifu una mwisho kama maji ya mtungi. Mwanamke anayechambua mchicha, anayewaza chakula cha wajukuu, na sasa anasikia kijana akimlilia mkewe, amebakiwa na kata ngapi za kumwagia namba ya mtumaji? Aliyepanga ujumbe ule uonekane jinsi unavyoonekana alikuwa ameketi ofisini akiwa na siku nzima. Alijua kwamba watakaousoma ni mamilioni, wakiwamo wenye mtoto wa jicho. Aliyekuwa na nafasi ya kuliona kosa kabla halijatokea ni yeye.

Na mafundi wanapoamua kuliona, inawezekana. Mashine nyingi za zamani za benki zilitoa fedha kwanza na kadi baadaye, na watu wakaondoka na fedha wakiacha kadi, maana aliyefuata fedha ameshapata alichofuata. Sasa kadi hutoka kwanza. Kwetu pia, leo ukituma fedha kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuingiza namba ya siri. Zamani ukikosea tarakimu moja fedha zilikwenda kwa mgeni, na sisi tulimwambia aliyekosea kwamba hakuwa makini.

Kuna mtu tunayemsahau katika mjadala huu, naye ni mwizi. Mimi na dada yangu tuligombana juu ya mlango, na aliyeingia kwa mlango ule hakutajwa hata mara moja siku ile. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mwizi hakuwapo na dada yangu alikuwapo. Hasira hutafuta aliye karibu. Tena kuna kiburi ndani yake. Nikimwona aliyeibiwa kuwa mjinga, najihakikishia kwamba mimi siwezi kuibiwa. Dhambi yote ya wizi ule ni ya kijana yule aliyejifanya kulia. Wajibu wa fundi wa kuona mbele haumpunguzii hata chembe. Na kama nitasema kweli yote, alichokitumia kuiba hakikuwa ujinga. Kilikuwa uaminifu wa mama mmoja asiyeweza kulala na fedha ya mtu. Mtu mwenye tamaa angenyamaza akasubiri, asingeibiwa.

Binti aliniletea tena swali moja ambalo sikulitarajia. Alisema utafiti wa mezani una kasoro, kwa sababu mtu anajua anajaribiwa. Je, isingekuwa kweli zaidi kuwatumia wazee ujumbe wa uongo bila kuwaambia, kisha kuhesabu wangapi wamenasa? Alikuwa na mfano. Mwezi Aprili 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walikusanya kutoka intaneti habari za nani ni rafiki wa nani, kisha wakawatumia wanafunzi barua za uongo zilizoonekana kutoka kwa marafiki zao, zikiwaelekeza kuingiza nywila zao. Asilimia 72 waliingiza. Katika kundi lililotumiwa na mtu wasiyemjua walikuwa asilimia 16. Hayo ni maarifa makubwa, yanatufundisha kwamba tapeli mwenye jina la rafiki ni hatari mara nyingi zaidi. Lakini wanafunzi wale hawakuombwa idhini kwanza, na walipoambiwa baadaye wapo waliokasirika sana.

Nilimwambia asifanye. Alisema, "Lakini babu, hakuna atakayepoteza hata senti." Nikamwuliza kama angemtumia bibi yake. Alinyamaza muda mrefu. Fedha si kitu pekee ambacho mtu hupoteza akidanganywa. Wale wanafunzi walikasirika na hakuna aliyewaibia. Sikuwa na hakika kama nimemshawishi au nimemnyamazisha kwa umri wangu, jambo ambalo nimelifanya kwa watu wengi. Aliendelea na njia ya mezani. Baada yangu aliketi na wazee wengine saba. Maneno ya ruhusa aliyapunguza, yakasema programu itafanya nini, kwa Kiswahili cha sokoni. Alama ya njano aliiondoa. Badala yake, ujumbe wa kupokea fedha ukitoka kwa namba ya mtu, skrini yote hubadilika na kusema: "Fedha hazijaingia. Angalia salio kwanza."

Nilimwendea dada yangu Jumapili moja mchana. Alikuwa anapepeta mchele uani. Nikamwamkia, nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

"Kwa lipi?"

"Kwa maneno yangu ya siku ile ya simu. Nilikukosea heshima."

Aliendelea kupepeta. Nikamweleza habari za mtihani wa mjukuu wake, jinsi nilivyovaa miwani na kusahihisha nukta na mikato, na kumchagua tapeli kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Hapo aliweka ungo chini akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli nilikuwa na miwani.

Kisha akauliza, "Sasa hiyo programu ya mtoto, itanizuia nisirudishe cha watu?"

"Hapana. Itakuambia kwanza uangalie kama kimeingia."

"Kwenye kitochi changu?"

Nikamwambia kwamba hapana, inataka simu ya kupangusa. Alitikisa kichwa. Akasema basi nimwambie mtoto akipata njia ya kuiweka kwenye simu za vitufe aje, tena aandike kwa herufi kubwa. Halafu akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa, akaniwekea mapajani nimsaidie kuhesabu, kwa kuwa kesho yake walikuwa na mkutano.